Jibu: Kwa nini narudia kosa lile lile?

Ndugu, unasema kila kosa unaliandika daftarini, kisha unalirudia. Nadhani unaandika hukumu ("nilizembea") badala ya mambo yalivyofuatana. Andika siku hiyo hiyo, maana ukishajua matokeo kumbukumbu hujigeuza. Andika ulijua nini wakati ule, ulitarajia nini, kikatokea nini. Halafu jiulize "kwa nini?" hata mara 5, njia iliyoenezwa na Toyota, mpaka ufikie kitu unachoweza kukibadilisha.

Umesahau funguo ndani? "Nitakuwa makini" haitoshi. Ukichoka, umakini ndio wa kwanza kupotea. Zitundike kwenye kitasa kwa ndani, usiweze kufungua mlango bila kuzigusa.

Na daftari lisomwe: dakika 10 kila wiki. Wengi huishia kuandika tu.