Kabla Hujanunua Kitabu cha Njia za Mlimani

Kiangazi kikikaribia, wageni wa kikundi chetu cha matembezi huniuliza wanunue kitabu gani. Wengi huwa wameshakiona dukani: kinene, picha ya theluji kwenye jalada, na ndani mna Mlima Kenya mzima kuanzia langoni hadi Batian, kilele chake cha juu kabisa. Nami huwauliza: Jumamosi mnakwenda wapi? Kama ni Longonot na kurudi jioni hiyo hiyo, au ni kupanda Mlima Kenya kutoka lango la Sirimon hadi kibanda cha Old Moses, mle chakula cha mchana mshuke, basi kitabu hicho bado si chenu, hata kama mwandishi wake ni bingwa.

Vitabu vingi vya milima yetu viliandikiwa watu wa aina mbili: wapanda miamba, na wageni wanaokwenda kileleni kwa siku nne au tano. Mtu wa kwenda na kurudi siku moja hupewa makombo. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, fungua kurasa za yaliyomo uone nafasi imegawiwa nani. Ukikuta sura baada ya sura ni za njia za kamba za Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188), halafu matembezi ya siku moja yamebanwa mwishoni pamoja na orodha ya hoteli, kirudishe rafuni. Bila kamba mtembeaji hufika kilele cha Lenana, mita 4,985, na huko nako si pa kwenda na kurudi siku moja kwa anayeanza.

Ukishapata kinachokuhusu, kipime. Njia yangu ni moja: fungua ukurasa wa mahali unapopajua tayari. Kwa watu wa Nairobi mahali hapo ni Longonot, maana karibu kila mtu huanzia pale. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta ni kilomita 3.1. Kuuzunguka ukingo wote ni kilomita 7.2. Ukijumlisha na kushuka unapata kama kilomita 13 na nusu. Lango liko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,150, kilele ni mita 2,776.

Sasa soma kitabu kinasemaje. Kikiandika kwamba unapanda mita 630 basi, ujue mwandishi ametoa namba ndogo kwenye kubwa akaenda zake. Ukingo wa Longonot una meno. Unapanda, unashuka, unapanda tena, na kila bonde ulilolifurahia wakati wa kushuka utalilipia dakika chache baadaye. Mita unazopanda kwa miguu ni nyingi kuliko tofauti ya lango na kilele, na hapo ndipo wageni huishiwa maji. Kitabu cha kununua kitakwambia hivi, kwa maneno yake: "Njia imemomonyoka vibaya sehemu kadhaa, ina vumbi la kuteleza hasa wakati wa kushuka, ukingoni hakuna maji wala kivuli cha kutegemea, ukifika ukingoni umechoka, kaa, tazama kreta, kisha rudi ulikotoka badala ya kuanza kuzunguka, kwa sababu ukifika nusu ya duara, kuendelea na kurudi ni umbali ule ule." Kitabu cha kuacha kitakwambia: "Mandhari ya kuvutia, njia iko wazi, inafaa kwa rika zote." Sentensi ya pili ingeweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kushuka garini.

Angalia hasa mambo ya kuudhi. Mwandishi aliyetembea njia huandika njia panda iliyompotosha, kijia cha nyati kinachofanana na njia ya watu, tope linalofika wapi mvua ikinyesha, mahali pa mwisho pa kupata maji, na mahali ambapo ukipafika baada ya saa fulani inakupasa ugeuke. Maelezo yakiwa matamu mwanzo hadi mwisho, hayo ni matangazo ya biashara. Ukiona "vuka mto, kisha fuata ukingo wa kushoto", tafuta kama kitabu kimeeleza mahali fulani kwamba kushoto ni kwa mtu anayetazama maji yanakokwenda. Wapanda milima wengi huhesabu hivyo, na asiyejua anaweza kutembea upande usio wake nusu saa nzima.

Korongo la Ol Njorowa, huko Hell's Gate, ni kipimo kingine kizuri, hasa kwa kuwa liko jirani na Longonot na vitabu vingi huziweka hifadhi hizo mbili katika sura moja. Mafuriko ya ghafla yaliua watu mle mwaka 2012, yakaua tena mwaka 2019. Mvua hunyesha mbali, wewe uko chini kwenye kuta nyembamba za mwamba, jua linawaka juu yako, na maji yanakuja. Kitabu kinachosifu rangi za mawe ya korongo bila neno hata moja juu ya mafuriko, ama ni cha zamani ama mwandishi wake ni mzembe, na vyovyote iwavyo sitakiamini kwenye kurasa za mahali nisipopajua.

Kuhusu umri wa kitabu, tofautisha toleo na chapa. Mchapishaji anaweza kukichapa upya mwaka huu maneno yale yale ya miaka ishirini iliyopita, na tarehe mpya ikakuhadaa. Soma ukurasa ule wa mwanzo wenye maandishi madogo: toleo la ngapi, la mwaka gani, limehaririwa upya au limechapwa tu. Halafu ujue nini huzeeka na nini hudumu. Ada za kuingia, njia ya kulipa, saa za lango na masharti ya kuwa na mwongozaji huzeeka hata kabla wino haujakauka. Langoni kwa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, siku hizi pesa taslimu hazipokelewi. Ukienda na noti mkononi kwa sababu kitabu kilitaja ada kwa shilingi, utaanza safari kwa kusimama ukihangaika na simu. Hayo yaulize kwa hifadhi yenyewe juma hilo hilo. Mteremko, bonde na ukingo wa mwamba havibadiliki haraka hivyo, na kwa mambo hayo kitabu cha miaka kumi na mitano bado ni mali.

Barafu sasa ni habari nyingine. Vitabu vya zamani vya Mlima Kenya na Kilimanjaro vina njia za barafu ambazo leo ni mwamba mtupu na mawe yanayoning'inia. Na njia hufungwa. Januari 2006 mawe yaliporomoka kwenye njia ya Western Breach ya Kilimanjaro yakaua wapandaji watatu; njia ikafungwa, baadaye ikafunguliwa tena. Msomaji wa kitabu cha mwaka 2004 hawezi kujua lolote. Majina nayo yalibadilika: kibanda cha Mandara ndicho Bismarck cha vitabu vya kale, na Horombo ndiyo Peters. Ukinunua kitabu kikuukuu kwa ajili ya uzuri wake, sawa, ila weka ramani mpya pembeni. Na kama urefu umeandikwa kwa futi, gawanya kwa kumi uzidishe kwa tatu. Utakosea kidogo tu, na kidogo hicho hakitakuumiza.

Saa zinazotajwa kwenye kitabu ndizo zinazowaponza wengi. "Saa tatu hadi nne" ni saa za nani? Kuna kanuni ya zamani ya Mskochi mmoja, William Naismith, ya mwaka 1892, na mimi naitumia mpaka leo: hesabu saa moja kwa kila kilomita tano, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Chukua matembezi ya siku moja ya Kilimanjaro, kutoka lango la Marangu hadi Mandara. Umbali ni kama kilomita nane, na unapanda karibu mita 850. Kilomita nane ni saa moja na dakika 36. Mita 850 ni kama saa moja na dakika 25. Jumla ni saa tatu, bila kupumzika, bila kupiga picha mbega, bila kumsubiri mwenzako aliyevaa viatu vipya. Kitabu kikisema saa tatu hadi nne, kinasema kweli. Kikisema mbili, mwandishi anajisifu.

Halafu jipime wewe. Tembea njia moja fupi, andika kwa penseli kando ya maelezo ulitumia muda gani, linganisha na kitabu. Ukikuta umetumia robo zaidi, ongeza robo kwenye kila njia ya kitabu hicho. Mwandishi mzuri hana mwendo wa kasi wala wa polepole. Ana mwendo ule ule kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na hilo ndilo linalokuwezesha kumtegemea.

Tahadhari na vitabu vya jumla vya kufundisha kutembea milimani vilivyoandikwa Ulaya au Marekani. Mafunzo ya viatu na ya huduma ya kwanza yanafaa popote. Lakini vitakwambia kwamba jua la adhuhuri liko kusini. Longonot iko karibu kabisa na ikweta: mwezi Juni jua la saa sita mchana liko kaskazini mwako, Desemba liko kusini. Vitakwambia pia kwamba giza huingia polepole, na kwamba wakati wa kiangazi unaweza kutembea hadi usiku. Kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, na baada ya hapo huna hata nusu saa ya kuona njia vizuri msituni. Kila hesabu ya kurudi ianzie hapo na irudi nyuma, na tochi ya kichwani ibebwe hata kama unatarajia kuwa umefika nyumbani saa tisa.

Ramani ya ndani ya kitabu usiitazame kwa haraka. Mchoro wenye mstari wa vitone na vipembetatu vya milima ni pambo. Unachotaka ni kontua (mistari inayounganisha mahali penye mwinuko sawa), mshale wa kaskazini na skeli iliyoandikwa. Kwa matembezi ya siku moja skeli ya 1:50,000 inatosha: sentimita mbili kwenye karatasi ni kilomita moja ardhini. Kontua zikibanana njiani kwako, hapo utapanda kwa mikono, maelezo yaseme yatakavyosema. Kitabu kikiwa na maelezo mazuri lakini ramani mbovu, kinunue, kisha utafute ramani kando. Survey of Kenya kule Ruaraka huuza ramani za serikali. Baadhi ni za miaka mingi na barabara zake zimebadilika, ila milima iko palepale.

Kwa wanaovuka mpaka kwenda Tanzania, swali la kitabu hugeuka kidogo. Kilimanjaro hupandi bila mwongozaji mwenye leseni, na Mlima Meru, ndani ya Hifadhi ya Arusha, unakwenda na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati na tembo. Huko njia huitafuti wewe. Kitabu kinakusaidia mapema, ukiwa bado nyumbani: kuchagua kama siku yako moja uitumie Marangu kwa ajili ya msitu na kreta ndogo ya Maundi juu ya Mandara, au Momella, chini ya Meru, kwa ajili ya maporomoko na wanyama, au uende mbali kabisa hadi milima ya Udzungwa. Hifadhi hiyo ya mwaka 1992 ni ya kutembea kwa miguu, na kutoka Mang'ula unaweza kufika maporomoko ya Sanje, yanayoanguka takriban mita 170, ukarudi siku hiyo hiyo. Kwa safari za namna hii nachagua kitabu chenye kurasa nyingi za miti, ndege na nyani, maana mwongozaji ukimuuliza kitu mahususi hufunguka, ukimuuliza "hapa kuna nini?" atakupa jibu alilompa kila mtu. Tena una bahati ambayo mgeni mwenye kitabu kile kile hana: unaongea Kiswahili na wagumu, yaani wapagazi, na wao ndio wanaojua daraja lipi lilichukuliwa na maji wiki iliyopita.

Simu je? Ibebe, pakua ramani kabla ya kuondoka nyumbani, iweke mfuko wa ndani karibu na mwili kwa sababu baridi huinyonya betri. Ila njia iliyorekodiwa na mtu usiyemjua inakuonyesha alipopita tu. Haikwambii kama alipapenda, kama alipotea, au kama alikuwa na askari wa hifadhi.

Uzito nao uutazame. Kitabu cha kurasa mia tatu hakina haja ya kupanda mlima. Piga picha kurasa mbili tatu unazohitaji, au zitoe nakala, tia kwenye mfuko wa plastiki unaofungika, kitabu kibaki nyumbani kikavu. Kama pesa hazitoshi, anzia kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandazwa barabarani mjini Nairobi, au jiunge na watu wenye maktaba. Mountain Club of Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1949, ina jumba lake Wilson Airport. Kwenye mitumba mimi hutafuta kwanza nakala zilizoandikwa pembeni kwa penseli. "Daraja hakuna", "nyati wawili hapa", "saa 5 si 3". Angalia tu kama aliyeandika aliweka tarehe.