Amekosa mtihani kwa kulazwa: aombe mtihani maalumu, si marudio

Dada uliyeandika kutoka Shela, pole kwa mwanao. Umeuliza kama kulazwa kwake hapo Lamu siku ya mtihani kutamwangusha. Hakumwangushi, ila msikawie.

Vyuo vingi vya Kenya hutenganisha mambo mawili. Marudio ni ya aliyefanya akaanguka, na hata akipata 75 huandikiwa 40 tu, alama ya kupita. Mtihani maalumu ni wa aliyezuiwa na udhuru wa kweli; alama zake huandikwa kama zilivyo na kujumlishwa na za majaribio ya muhula, kwa kawaida 70 kwa 30. Auombe huo, autaje kwa jina.

Barua iende kwa mkuu wa kitivo kupitia mkuu wa idara, yenye namba ya usajili, somo na tarehe ya mtihani. Wengi hukwama kwenye karatasi ya hospitali: iwe na muhuri, siku ya kulazwa na ya kutoka, na mtihani uwe katikati ya hizo. Cheti kilichoandikwa wiki mbili baadaye, kisichotaja siku, ni rahisi kukataliwa.

Nakala ya barua igongwe muhuri wa kupokewa, aiweke. Asisubiri mpaka atoke kisiwani avuke hadi Mokowe, bara. Mwenzake wa darasani aipeleke barua kesho.