Ichome Bambo Kompaila Yako

Aliyewahi kusimama ghalani hapa Mtwara msimu wa korosho ukianza, mwezi Oktoba, amemwona mpimaji akichoma bambo ubavuni mwa gunia, akatoa punje chache na kuzikata, kisha akaamua daraja la mzigo mzima. Nimetunza kwa miaka kadhaa kompaila ndogo inayosoma kanuni za makato na malipo ya wakulima na kuzigeuza kuwa msimbo wa C, ambao Clang, kompaila ya lugha ya C, huugeuza kuwa programu ya kuendeshwa. Kwa muda mrefu sikuwa na bambo la kuichomea. Nilikuwa na majaribio mia mbili niliyoyaandika kwa mkono wangu, na mtu anayejitungia majaribio huuliza yale tu ambayo majibu yake anayajua.

Bambo nililolipata ni upimaji wa fazi, yaani kuilisha programu maingizo yanayotungwa na mashine, mengi na ya ovyo, ili kuona ni lipi litakaloiangusha. Jina hilo lilitoka kwa Barton Miller wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, ambaye mwaka 1988, usiku wa mvua na radi, aliona kelele za laini ya simu zikiziangusha programu alizokuwa akiziendesha kutoka nyumbani. Wanafunzi wake walipolijaribu jambo hilo kwa utaratibu, kati ya robo na theluthi ya programu za Unix walizozipima ziliharibika.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba uovyo unatosha. Mashine ilikesha ikirusha herufi zisizo na mpangilio, na kichanganuzi sintaksia, sehemu ya kompaila inayokagua sarufi, kikazikataa karibu zote mlangoni, hivyo kiboreshaji, sehemu inayoufanya msimbo uende kasi na ambako dosari hatari hujificha, hakikuguswa kabisa. Ushauri wangu ni kuanza na mbegu: chukua majaribio uliyonayo, uipe mashine pamoja na orodha ya maneno ya lugha yako, kisha uandike kitunga programu kinachofuata sarufi. Csmith, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Utah, ilifuata njia hiyo ya kutunga programu sahihi za C, na kufikia mwaka 2011 watengenezaji wake walikuwa wameripoti dosari zaidi ya 325 katika kompaila mbalimbali, zikiwemo GCC na LLVM.

Siku ya pili baada ya kubadili utaratibu, kompaila yangu ilianguka kwa mstari mmoja: -2147483648 kugawanywa kwa -1. Kiboreshaji hukokotoa mapema hesabu za namba zisizobadilika, na jibu la hesabu hii ni 2147483648, ambalo halienei katika namba kamili ya biti 32 yenye alama, kwa kuwa kikomo chake cha juu ni 2147483647. Katika vichakataji vya x86, vinavyotumika katika kompyuta nyingi, amri ya kugawanya hukataa hesabu hiyo, na mfumo endeshi huisimamisha programu papo hapo. Nilikuwa nimejikinga dhidi ya kugawanya kwa sifuri na kujiona mwangalifu; -1 haikunipitia akilini hata mara moja.

Kuanguka, hata hivyo, ni dosari yenye adabu, maana hujitangaza. Inayotisha ni kompaila inayotoa jibu lisilo sahihi kimyakimya, na katika malipo ya mkulima hilo ni fedha. Dawa yake ni kuikompaili programu ileile mara mbili, bila uboreshaji na pamoja nao, kisha kulinganisha matokeo. Hapa nilipoteza karibu wiki mbili nikifukuza tofauti ambazo hazikuwa dosari za Clang: msimbo wangu wa C uliruhusu namba zenye alama kufurika, jambo ambalo kiwango cha C hakilifafanui, kwa hiyo kila upande ulikuwa na haki ya kutoa jibu lake. Nilipoongeza -fwrapv, chaguo linaloiambia Clang kwamba namba ikifurika izunguke kwa njia ileile kila mara, kelele zilitulia.

Kuhusu kuuingiza upimaji huu katika mnyororo wa kazi, kila badiliko la msimbo hupimwa kwa dakika 10, na usiku mashine huachiwa hadi asubuhi. Tumia AddressSanitizer, chombo kinachonasa makosa ya matumizi ya kumbukumbu, ingawa hupunguza kasi kwa takriban nusu, na uhifadhi kwenye diski namba ya mwanzo ya kila mzunguko, ile ambayo mashine huanzia kutunga maingizo yake, kwani umeme ukikatika bila namba hiyo hutaipata tena dosari uliyoiona. Usimzuie mwenzako kuingiza badiliko lake kwa sababu ya dosari iliyokuwepo kabla yake. Atauchukia upimaji, na atakuwa na haki.

Kazi kubwa zaidi huja baada ya dosari kupatikana. Usiku mmoja nilipata ripoti 140 ambazo zilikuwa dosari 3 tu, na programu mojawapo ilikuwa na mistari 900, ambayo C-Reduce, chombo cha kufupisha programu huku dosari ikibaki, iliipunguza hadi 6. Usisome ripoti yoyote kabla programu yake haijapunguzwa, na kila programu iliyopunguzwa iingie katika majaribio ya kudumu.

Ripoti zikikaa tupu wiki mbili mfululizo, sishangilii. Huirudisha kwa makusudi ile dosari ya -1 katika nakala ya pembeni na kuhesabu dakika hadi ikamatwe. Mara ya mwisho zilikuwa 41, ilhali mwezi uliotangulia zilikuwa 6: mbegu kubwa kupita kiasi zilikuwa zimerundikana, na ilinibidi nizichambue upya.