Upanga, upinde na dadu: tunajibu maswali yenu

Tunajibu kwa kanuni za Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kurusha madadu), toleo la tano, 2014. Wenye vitabu vya 2024 wasome vyao, maana silaha zimeguswa. Vipimo ni vya vitabu vya Kifaransa: mraba mmoja wa ramani ni mita 1,5.

Nikipata 20 kwenye dadu la shambulio (la pande 20), madhara yote nayazidisha kwa mbili? (Ndosho, Goma)

Hapana. Madadu ya madhara ndiyo yanarushwa mara mbili, nyongeza ya sifa yako (Nguvu ao Wepesi) inaingia mara moja. Upanga mrefu wa mkono mmoja na Nguvu +3 ni 2d8+3, yaani madadu mawili ya pande 8, jumlisha 3. Swali hili limeshakuja mara ngapi? Likirudi, linaenda kwenye pipa.

MJ wetu (mwongoza mchezo) anasema ukipata 1, silaha inaanguka chini. Ni kanuni? (Kadutu, Bukavu)

Ni kanuni yake yeye. Kwenye shambulio, 1 ni kukosa, basi. Kamba ya upinde kukatika, kumchoma mwenzako mgongoni: hakuna kitu hicho. Fanyeni hesabu. Shujaa (mpiganaji wa silaha) wa nivo, yaani ngazi, ya 1 anapiga mara moja kwa zamu, kwa hiyo 1 inamwangukia kwa 5%. Kwenye nivo ya 11 anapiga mara tatu: karibu 14%. Nivo ya 20, mapigo manne: karibu 19%. Yaani kadiri anavyobobea ndivyo upanga unavyomtoroka, kama aliyepakwa sabuni mikononi! Na mchawi wa mpira wa moto harushi dadu la shambulio hata moja, adhabu haimpati kamwe. MJ anayetaka kuchekesha meza atafute njia nyingine.

Naweza kupigana na rapieri (panga nyembamba za kuchoma) mbili? (Himbi, Goma)

Kushika, shika. Ila pigo la mkono wa pili linadai silaha zote mbili ziwe nyepesi, na rapieri si nyepesi. Ungesoma mstari wake kwenye jedwali usingeuliza. Chukua panga fupi mbili, 1d6 kila moja. Pigo la pili linakula tendo la ziada, na nyongeza yako haiingii kwenye madhara yake, isipokuwa kama ni hasi. Wengi wanakwama hapa: tendo la ziada ni moja kwa zamu. Ukilitumia kwa uchawi, mkono wa pili unalala. Tena, kuchomoa silaha bila kupoteza tendo ni moja tu kwa zamu, kwa hiyo ingia pangoni ukiwa umeshachomoa.

Kisu cha kurusha: Nguvu ao Wepesi?

Chochote kati ya hivyo viwili, kilekile kwa shambulio na kwa madhara. Mkuki wa kurusha ni Nguvu.

Silaha yangu inafika mita 3. Adui akinikaribia nampiga? (Bagira, Bukavu)

Shambulio la fursa linakuja anapotoka kwenye eneo ambalo silaha yako inafika, si anapoingia. Akirudi nyuma kutoka mita 1,5 hadi 3 bado hajatoka. Na ni reaksio (tendo la kujibu la mwingine), moja kwa raundi, hata wakikimbia goblini sita.

Adui amenisimamia mbele, natumia upinde?

Unatumia, kwa dezavantaji: madadu mawili, unachukua dogo. Hata kama unamlenga mwingine wa mbali, mradi huyo wa karibu anakuona na hajalemazwa. Dezavantaji hazijumlishwi. Ziwe tatu, avantaji moja (kinyume chake: unachukua kubwa) inazifuta zote. Na umeme ukikatika, angalieni kwenye dadu kinukta kinachotofautisha 6 na 9 kabla ya kushangilia.

Mishale inarudi?

Nusu, ukitafuta dakika moja baada ya vita.