Na wako anavaa nini, fundi?

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Mtu afanyeje ili akue kiroho bila kuharibu mapenzi na maisha ya kila siku?" Mimi ni fundi cherehani hapa Bombo, Uganda, na ninajibu kama mtu aliyeyaharibu kwanza.

Miaka kadhaa iliyopita nilishika dini kwa pupa. Nikaanza kutoka na wenzangu kulingania, yaani kuzunguka tukiwaita watu kwenye dini, siku 3 kila mwezi, halafu mwaka mmoja siku 40 mfululizo. Kibanda kikafungwa, wateja wakahamia kwa mafundi wengine, mke akabaki na watoto 4 na deni la posho, unga wa ugali, dukani. Niliporudi nilikuwa na ndevu na amri. Redio nikazima. Mtandio wake nikaukosoa, maongezi yake na majirani nikayakosoa, hata kicheko. (Kiswahili cha huku Bombo kilikuja na jeshi, kukitumia kwa kuamrisha ni rahisi mno.) Usiku naamka kuswali tahajudi, yeye amelala hoi kwa kazi za mchana, nami nauhesabu usingizi ule kuwa upungufu wa imani.

Hakunigombeza. Aliacha tu kunisimulia mambo. Kimya cha namna hiyo unaweza kukaa nacho miezi ukidhani ni heshima.

Siku moja shehe wetu alikuja kibandani kupunguziwa kanzu. Akanikumbusha kisa cha Salman na Abu Dardaa, maswahaba wawili ambao Mtume (s.a.w.) aliwaunganisha udugu. Salman alimtembelea mwenzake akamkuta mkewe kavaa nguo chakavu, hakujipamba. Kulikoni? Mama akajibu kwamba nduguyo hana haja na dunia. Chakula kikaletwa, Abu Dardaa akasema amefunga. Salman akagoma kula mpaka mwenyeji naye ale. Usiku Abu Dardaa akainuka kuswali, akaambiwa lala. Akainuka tena, akaambiwa lala. Usiku ulipokaribia kwisha Salman akamwambia sasa amka, wakaswali. Kisha akamweleza kuwa Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na ahali zake wana haki. Ampe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipomfikia Mtume, akasema Salman kasema kweli.

Kisa hiki nilikijua tangu madrasa. Ila shehe alipomaliza alipapasa pindo la kanzu yake, akauliza polepole, "Na wako anavaa nini, fundi?"

Gomesi ya mke wangu, lile gauni refu la wanawake wa huku, ilikuwa imechanika kwapani, kaishikiza kwa pini. Mke wa fundi!

Nikanunua mita 6 za kitambaa, nikakata kwa vipimo nilivyokuwa navyo kichwani tangu harusi. Haikumkaa. Mabega yalining'inia, kiuno kilizidi inchi 3. Ikabidi nimsimamishe nimpime upya kama mteja mgeni, na hapo, futi ikiwa bado imemzunguka, ndipo alipoanza kusema: malaria iliyomlaza nikiwa safarini, jirani aliyempakia kwenye boda boda hadi zahanati, karo aliyoikopa kwa dada yake. Nilisikia yote nikiwa nimepiga magoti, pini mdomoni, siwezi kujibu. Pengine ndiyo maana aliendelea.

Usiku ule nilifumua mishono yote.

Najua watakuwepo watakaomfanya Salman kibali cha kulala hadi jua litoke. Wasisahau kwamba ni yeye huyo aliyemwamsha mwenzake. Tahajudi sijaiacha, nimeisogeza mwisho wa usiku, na siku nyingine tunaiswali wawili. Nanyi mnaochumbiana: mchumba anayeswali istikhara, swala ya kumwomba Mungu mwongozo wa kuamua, kila mkitaja mahari, mwulizeni anakimbia nini. Na neno "mizani" mnalolipenda nyie waandishi, mimi silitaki. Mizani humweka mke upande mmoja na Mungu upande wa pili, kisha unabaki unawapunja kwa zamu.

Bado natoka siku 3, ila si kila mwezi. Nikishusha begi kutoka juu ya kabati, mke wangu huuliza, "Siku ngapi, baba watoto?" Nikishataja ananyoosha kiganja, nami namhesabia pesa za matumizi. Safari iliyopita alizihesabu mara mbili.