Kabla hujashika spana: saitimira (vioo vya pembeni) za vespa, kwa saidia fundi wapya

Masika yakiisha, vespa za kukodisha (huku kwetu skuta yoyote ni vespa) hutolewa stoo, na kuanzia Juni wageni huanza kushuka kwa wingi. Huo ndio wakati gereji za Unguja hupokea vijana wapya, na ndio wakati thredi za saitimira, yale meno ya kuzungushia, huuawa kwa wingi kuliko mwaka mzima. Kijana huambiwa, "Kaza kioo kile, mteja anasubiri." Kwake ni kazi ndogo kuliko zote, basi huchukua spana ndefu kuliko zote na kukaza kwa nguvu zote alizojaliwa. Dakika mbili baadaye klempu ya breki, kile kibanio cha usukani kinachobeba mkono wa breki na tundu la kioo, imekwisha, na kioo bado kinacheza. Msimu ujao atakuja mwingine na kurudia vilevile. Vijana wetu, tunawapenda na tunawategemea, ila hili limetuchosha. Someni, kisha ndipo mwende kwenye boksi la spana.

Kwa nini tunashikilia jambo la kioo? Huku kwetu tunaendesha kushoto, na gari linalokupita linakupita kulia. Wageni wengi wanatoka nchi zinazoendesha kulia, macho yao yamezoea kukimbilia kioo cha kushoto. Ukimpa vespa ambayo kioo cha kulia kinainama kila ikiingia kwenye shimo, umemwacha barabara ya Paje bila habari ya daladala iliyo nyuma yake.

1. Tafuta kwanza kilicholegea. Saitimira hulegea sehemu nne, na kila moja ina dawa yake. Shika mti wa kioo karibu na shina kwa mkono mmoja, kichwa cha kioo kwa mkono wa pili, kisha sukuma taratibu. Kichwa kikicheza na mti umetulia, tatizo ni gololi iliyo nyuma ya kioo. Mti ukizunguka na klempu imetulia, ni loknati, ile nati inayoushikilia mti usizunguke. Klempu yenyewe ikizunguka kwenye usukani pamoja na mkono wa breki, ni bolti za klempu, na hapo ukikaza loknati mpaka kesho hutapata kitu. Na kama kila kitu kimetulia lakini kioo kinalia ndani ya ganda lake, ni kioo kimebanduka.

Hiyo ya klempu ndiyo inayopitwa zaidi, kwa sababu kwenye skuta nyingi imejificha chini ya kava la plastiki la usukani. Fungua kava, usilichokonoe kwa bisibisi, meno yake yanakatika. Klempu inashikwa na bolti mbili za M6 (unene milimita 6), spana 8 au 10. Upande wenye masta silinda, yaani kikombe cha mafuta ya breki, kipande cha nyuma mara nyingi kimeandikwa UP na mshale; mshale utazame juu. Unakaza bolti ya juu kwanza mpaka kipande kikutane na mwili, halafu ya chini, na mwanya unabaki chini. Usijaribu kuuziba mwanya huo. Aliyeuziba kwa nguvu ndiye aliyepasua kipande au kukata bolti. Mwenye spana ya kipimo, nyutonimita 10 hadi 12 zinatosha. Asiye nayo, ashike spana fupi karibu na kichwa na atumie kifundo cha mkono tu, asiingize bega.

2. Mpangilio wa loknati. Inua kofia ya mpira, ambayo wengi hamuigusi kabisa. Legeza loknati, ipandishe juu ya mti. Ingiza mti kwa mkono mpaka ugote mwisho, kisha urudishe nyuma nusu mzunguko hadi mmoja, mpaka kioo kitazame unapotaka. Shika mti usizunguke, ndipo uteremshe loknati na kuikaza juu ya klempu. Kinachoshika ni loknati kuuvuta mti juu ilhali klempu inaubana chini. Ukiacha mti umegota mwisho wa tundu ukaendelea kuukaza, unaisukuma alumini kutoka ndani, nayo hupasuka. Na uhakikishe angalau mizunguko 8 ya thredi imo ndani. Kwa thredi ya M10 hiyo ni milimita 10 za kushikia. Mizunguko mitatu haishiki kitu, hata ukaze vipi. Loknati nyingi za M10 ni spana 14, nyingine 17. Za M8 ni 12 au 13.

Aina nyingine zina nati ya pili juu ya shina, ya kugeuzia mti bila kufungua chini. Kabla hujaivuta itazame thredi yake, maana zipo zinazofunguka kinyume.

3. Thredi. Hapa tukae, kwa sababu hapa ndipo fedha ya tajiri inapopotea.

Vespa imeingia, ni Yamaha, kioo cha kulia kimevunjika. Kijana anachukua kioo kipya kutoka kwenye droo, anakiingiza, hakishiki. Anakizungusha, kinapita robo mzunguko kisha kinakataa. Anaamini thredi imejaa kutu. Anapiga mafuta, anaweka spana kwenye nati, anavuta. Kinaanza kuingia. Anafurahi. Kinachoingia ni chuma kinachochonga njia mpya ndani ya alumini, kikikata thredi ya zamani vipandevipande. Mizunguko miwili mitatu baadaye kinakuwa chepesi ghafla, na huo wepesi ndio mwisho wa klempu ile.

Yamaha nyingi zina thredi ya kinyume upande wa kulia. Inafungwa kwa kuzungusha kushoto na kufunguliwa kwa kuzungusha kulia. Hawakufanya hivyo kututesa. Tazama kutoka juu: kioo cha kulia kikigongwa na kitu kutoka mbele, mkono wake unasukumwa nyuma, yaani unazunguka kama mshale wa saa. Thredi ya kawaida ingekaza hapo, na kilicho dhaifu kingevunjika, ama mti ama klempu. Thredi ya kinyume inalegea, kioo kinageuka na kuponyesha vingine. Upande wa kushoto mkono unazunguka kinyume cha saa, kwa hiyo thredi ya kawaida inalegea yenyewe.

Hesabu hiyohiyo inaeleza jambo jingine mnaloliuliza kila siku. Upepo wa mwendo nao unasukuma vioo nyuma. Kwenye skuta zenye thredi ya kawaida pande zote, upepo unakaza cha kulia na kulegeza cha kushoto. Ndiyo maana cha kushoto kinarudi gereji mara nyingi zaidi. Kwenye Yamaha vyote viwili vinasukumwa kuelekea kulegea, basi loknati yake haina ruhusa ya kuachwa nusunusu.

Kuitambua thredi hakuhitaji kitabu. Simamisha mti wima mbele ya macho. Mistari ikipanda kuelekea kulia, ni ya kawaida. Ikipanda kuelekea kushoto, ni ya kinyume. Ni kazi ya sekunde tatu, na tunaomba muifanye hata kwa kioo kilichotoka kwenye pakiti yenye jina la pikipiki hiyohiyo, kwa sababu pakiti hubadilishwa dukani.

Jambo la pili ni umbali kati ya uzi na uzi. Saitimira nyingi ni M10 kwa 1.25, yaani uzi hadi uzi milimita 1.25. Bolti ya M10 ya duka la vifaa vya ujenzi ni 1.5. Ukiijaribu kwenye klempu itaingia mizunguko miwili au mitatu vizuri kabisa, kisha itabana. Kijana husema "ni chafu tu" na kuongeza spana. Si chafu. Skuta nyingine, hasa ndogo na za Ulaya, zina M8. Adapta zipo, za M8 kwenda M10 na za kinyume kwenda kawaida, na zinafanya kazi. Ila zinainua kioo juu zaidi na kukiongezea mtikisiko, kwa hiyo nunua ya chuma, fupi kuliko zote.

Sheria ni moja: kioo kinaingia kwa vidole. Vidole vikishindwa, kitoe, ukitazame tena, usafishe tundu, utafute kingine. Spana inakuja kwa loknati tu.

Kama thredi imeshakufa, dawa nzuri ni klempu nyingine. Tundu la M8 lililokufa linaweza kutobolewa kwa drili ya 8.8 na kupigwa tepu (chuma cha kuchongea thredi) ya M10 kwa 1.25, ikiwa ukuta wa alumini uliobaki ni mnene. Upande wa masta silinda usitoboe ikiwa imefungwa kwenye usukani. Itoe, uifunike, chembe za alumini zisiingie kwenye mafuta ya breki, na mafuta yenyewe yasidondokee rangi ya vespa kwa sababu yanaibabua. Ukuta ukiwa mwembamba, acha. Klempu inayopasuka barabarani inaondoka na mkono wa breki.

4. Chumvi. Mti ni chuma, klempu ni alumini, na hewa yetu ina bahari. Vyuma hivyo viwili vikikutana na maji ya chumvi vinalana, na unga mweupe unajaa ndani ya thredi. Kila service inua kofia ya mpira, futa mchanga, paka grisi nyepesi kwenye mti, rudisha kofia ikiwa nzima. Kofia iliyochanika ni mbaya kuliko kukosa kofia, kwa sababu inahifadhi maji. Kioo kilichoganda usikivunje kwa bomba la kuongezea spana. Mwagia mafuta ya kupenya, ngoja hata usiku mzima, gonga loknati pembeni kidogo kidogo, kisha ujaribu.

5. Gundi ya thredi, ukiitumia badala ya grisi: ile ya buluu, tone moja, thredi kavu isiyo na grisi. Nyekundu hapana, mwenzako hatakifungua tena. Na isiguse kava, kwa sababu gundi hiyo hupasua plastiki. Tepu nyeupe ya mabomba haizuii kulegea, inaitelezesha thredi. Supaglu usiilete karibu.

6. Gololi. Chini ya mpira wa nyuma ya kioo kuna skrubu au nati ndogo, mara nyingi spana 10. Kaza robo mzunguko, jaribu, ongeza. Isiyo na skrubu imebanwa kiwandani, haikazwi. Kipande cha tyubu ndani ya kikombe chake kitamfikisha mteja nyumbani, kisha nunua kipya. Kama vioo vyote viwili vinatetemeka hadi gari la nyuma linaonekana ukungu, angalia vyuma vizito vya ncha za usukani. Mara nyingi kimoja kimedondoka, na hakuna aliyekirudisha.

7. Kutega. Usitege vespa ikiwa kwenye stendi yoyote. Ya kati inainua nyuma, ya pembeni inailaza. Dereva akae, magurudumu yote mawili chini, ashike usukani kama anavyoendesha. Robo ya ndani ya kioo ionyeshe kiwiko au bega lake, na upeo wa barabara upite katikati. Akipakia mtu nyuma inazama, na kioo kinaanza kuonyesha lami ya karibu badala ya gari lililo mbali. Mwambieni atege upya abiria akiwa ameshapanda. Mwambieni pia kwamba kioo kilichobinuka kinaonyesha gari mbali kuliko lilipo, kwa hiyo ageuze shingo kabla ya kukata kulia.

8. Kununua. Kioo cha mviringo kisipungue milimita 94 upana, ndicho kipimo cha chini katika kanuni namba 81 ya Umoja wa Mataifa, na vilivyopimwa kwa kanuni hiyo vina alama ya E ndani ya duara. Vile vidogo vya urembo vinavyowaonyesha madereva mabega yao wenyewe, msimfungie mteja hata akiomba.

9. Ukimaliza, chora mstari mmoja wa rangi ya kucha kutoka loknati hadi klempu. Mstari ukikatika, imelegea, na hata mteja anaona. Vespa itazamwe tena ikirudi siku ya kwanza, maana nati iliyofungwa upya hukaa vizuri baada ya mtikisiko wa mwanzo.

Na acheni kuvuta vespa kutoka kwenye stendi kwa kushika vioo. Mikono kwenye usukani na kwenye chuma cha nyuma ya siti. Vioo vya akiba kwenye droo vifungwe viwiliviwili, kila kimoja na karatasi: M8 au M10, kawaida au kinyume. Ukikuta visivyo na karatasi, vipime na uviandike kabla hujafunga gereji leo.