Viungo vya Mwili: Uliza Kwanza Kati ya Mifupa Kuna Nini

Mwulize mwanafunzi mpya wa anatomia kiungo ni nini, atakukunjia kiwiko. Si jibu baya, ila akiling'ang'ania litamsumbua muhula mzima. Kiungo ni mahali mifupa inapokutana, isogee isisogee. Mifupa ya fuvu imekutana, kwa hiyo pale pana kiungo. Hata jino na taya huhesabiwa humo, ingawa jino lenyewe si mfupa.

Ukiletewa kiungo chochote, acha kwanza habari ya kusogea. Uliza kati ya mfupa na mfupa kuna nini. Majibu ni matatu tu: nyuzi za kolajeni (protini inayoshikanisha tishu), gegedu (tishu imara inayopindika, kama ya sikio), au uwazi wenye ute. Ndivyo tunavyopata viungo vya nyuzi, viungo vya gegedu na viungo vya sinovia. Uko mgawanyo mwingine, wa mwendo: visivyosogea, vinavyosogea kidogo na vinavyosogea kwa uhuru. Huu uandike kwenye ukurasa wake peke yake. Walimu wengi huifundisha yote miwili katika kipindi kimoja, na kwa maoni yangu hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Mwanafunzi huondoka akiamini kwamba kila kiungo cha sinovia husogea sana, halafu anakutana na kile cha sakramu (mfupa wa chini kabisa ya kiuno) na fupanyonga: sehemu ya mbele ina uwazi, ute na utando wa sinovia, yaani utando unaotoa ute huo, kama goti, nyuma kimekazwa kwa ligamenti nene, yaani kanda za nyuzi zinazofunga mfupa kwa mfupa, na mwendo wake ni mdogo kiasi kwamba huwezi kuuona kwa macho.

Jihadhari pia na kiunzi cha mifupa kinachoning'inizwa maabara. Kimeunganishwa kwa waya na skrubu, na tishu zote tunazotumia kuainisha viungo zimeshaondolewa. Ukikisoma bila mchoro wa tishu pembeni, utabaki kubahatisha.

Viungo vya nyuzi havichukui muda mrefu. Shika fuvu kavu na ufuatishe kwa kidole mstari unaotenganisha mfupa wa paji na mifupa ya juu ya kichwa. Utahisi kingo zilizochongoka, zimeingiliana. Hiyo ni sutura, na kwa mtu hai katikati yake mna tabaka jembamba la nyuzi. Kwa mtoto mchanga tabaka hilo ni pana, ndiyo maana mifupa ya fuvu huweza kupandana kidogo wakati wa kuzaliwa. Utosi wa mbele ni sehemu ya utando huohuo, na kwa kawaida hufunga kati ya mwaka 1 na miaka 2. Nyuzi zikiwa ndefu zaidi, kama ule utando unaoshikanisha mifupa miwili ya kigasha, kiungo huitwa sindesmosi. Jino ndani ya taya ni gomfosi, na ligamenti inayolishikilia ina unene wa takriban milimita 0.2. Kolajeni yake huhitaji vitamini C ili itengenezwe sawasawa, kwa hiyo mgonjwa wa kiseyeye hulegea meno hata kama meno yenyewe ni mazima.

Kwenye gegedu, punguza mwendo. Aina ziko mbili, na kinachozitofautisha ni gegedu ipi inaziba nafasi. Ikiwa ni gegedu hialini pekee, ile nyororo inayong'aa kama kioo, hiyo ni sinkondrosi, na mara nyingi ni ya muda tu. Mfano mkubwa ni bamba la ukuaji karibu na ncha za mifupa mirefu ya mtoto. Gegedu haionekani kwenye picha ya eksirei, kwa hiyo bamba hilo hutokea kama mstari mweusi unaokata mfupa, na anayeanza huweza kuapa kwamba mfupa umevunjika. Ukuaji ukikoma, mstari hufungwa na kiungo kinageuka kuwa mfupa mtupu.

Aina ya pili ni simfisi, ambapo katikati mna gegedu-nyuzi, ngumu na yenye kustahimili mgandamizo. Hapa kuna mtego: ncha za mifupa kwenye simfisi nazo zimefunikwa kwa tabaka jembamba la hialini. Usikimbilie kuandika sinkondrosi kwa sababu umeiona hialini. Tazama kilicho katikati kabisa. Simfisi zinazofundishwa zote ziko kwenye mstari wa kati wa mwili: kinena, diski za uti wa mgongo, na pale sehemu ya juu ya mfupa wa kidari inapokutana na kiwiliwili chake.

Sinovia ndiyo yenye viungo vingi unavyovijua: bega, nyonga, goti, vidole. Wengi hudhani utando wa sinovia hufunika kila kitu ndani ya kifuko cha kiungo. Haufuniki gegedu ya ncha za mifupa. Gegedu hiyo iko wazi, inateleza juu ya mwenzake, haina mishipa ya damu wala ya fahamu, na hulishwa zaidi na ute. Kwa hiyo ikilika haiumi yenyewe. Maumivu hutoka kwenye mfupa ulio chini yake, kwenye utando na kwenye kifuko. Baridi yabisi ya rumatoidi, kwa upande wake, huanza na utando. Ukishajua hivyo, utaelewa kwa nini daktari wa mgonjwa huyo huiwazia shingo: kati ya pingili ya 1 na ya 2 hakuna diski, viungo vyake vyote ni vya sinovia.

Kuanzia pingili ya 2 kushuka hadi kiunoni, kila jozi ya pingili jirani ina diski moja mbele, ambayo ni simfisi, na viungo viwili vidogo vya sinovia nyuma. Swali likikuuliza "kiungo kati ya pingili ni cha aina gani?", uliza nawe: kipi?

Goti lina meniski, yaani vipande vyenye umbo la mwezi mwandamo kati ya mifupa yake, na kiungo cha taya kina diski, zote za gegedu-nyuzi. Hazivifanyi kuwa viungo vya gegedu. Uwazi ukiwepo, ni sinovia, hata kukiwa na nini ndani yake.

Ukitaka kujipima, achana na goti, chukua ubavu wa 5 na uufuate kutoka nyuma hadi mbele. Unapogusana na uti wa mgongo, ni sinovia. Unapokutana na gegedu yake yenyewe, ni hialini bila uwazi. Gegedu hiyo inapofika kwenye mfupa wa kidari, kwa kawaida ni sinovia tena. Kisha rudia safari hiyohiyo kwa ubavu wa 1, na ueleze kwa nini jibu la mwisho limebadilika.